Koti la Mwalimu Mbio

Wanafunzi walimwita Mwalimu Mbio, na jina likamkaa. Kipindi kikiisha Idara ya Biashara, alikusanya vitu vyake haraka haraka, akashuka ngazi na kupotea nyuma ya maktaba. Huko alivua koti lake jeusi, akalikunja na kulisukuma ndani ya begi. Kisha akatokea upande wa pili na kuingia Idara ya Kilimo kama mtu mwingine kabisa. Kote kuwili alifundisha takwimu. Alikuwa mwalimu wa muda, yaani alilipwa kwa vipindi alivyofundisha tu.

Kwa nini alijificha? Hofu, jamani! Aliamini kuwa Biashara wakijua anafundisha Kilimo, watasema hana muda nao. Na Kilimo wakisikia habari za Biashara, watampa mtu mwingine vipindi vyake. Basi mama wa watu akawa anaishi hivyo, mara avae koti, mara avue.

Shida ikaja mahali ambapo hakupatarajia. Kumbi za chuo zilikuwa kubwa, na vipaza sauti vilikuwa vibovu. Ilimbidi apaze sauti kutwa nzima. Kwanza sauti ilikwaruza. Halafu ikaanza kukatika. Siku moja, katikati ya somo, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Wanafunzi walisubiri, naye akabaki ameshika chaki.

Alikwenda kwa daktari. Daktari alimwangalia koo, akatikisa kichwa.

"Nyuzi za sauti zimevimba," alisema. "Unatakiwa umwone mtaalamu wa koo. Tena ukae kimya kwa majuma kadhaa. Ukiendelea kupaza sauti darasani, huenda isirudi kama zamani."

Mumewe alikuwa fundi seremala, na karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba. Alipomwona mkewe anarudi bila kusema neno, alicheka.

"Mama watoto, leo nimeshinda ubishi kwa mara ya kwanza tangu tuoane!"

Mwalimu Mbio alimrushia maranda usoni. Kisha machozi yakamlengalenga. Mumewe akaiweka randa chini.

"Basi, mke wangu, nisamehe. Daktari amesemaje?"

"Nipumzike," alinong'ona. "Lakini nisipofundisha silipwi. Na bima ya afya hatuna. Kesho nakwenda kazini."

"Utafundisha kwa macho?"

Mkewe alifuta machozi. Sauti ndiyo kazi yake. Ikipotea, atafundisha kwa kitu gani?

"Hodi hodi!" Sauti ilifika kabla ya mwenyewe. Alikuwa Mama Kengele, jirani yao. Naye alikuwa mwalimu wa muda chuo hicho hicho, mwalimu wa lugha. Tena aliwawakilisha walimu wa muda katika chama cha wafanyakazi. "Shemeji, stuli yangu imekwisha, au tuendelee kukaa chini?"

Alipoona nyuso zao, akaacha utani. Seremala akamweleza yote.

"Pole sana, dada," alisema Mama Kengele. "Unafundisha wapi?"

"Biashara," alinong'ona Mwalimu Mbio.

"Na Kilimo."

Mwalimu Mbio alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Nani asiyejua? Dirisha la ofisi ya chama linatazama nyuma ya maktaba. Kila siku nakuona unavua koti. Mimi nikadhani huko Kilimo kuna joto!"

Seremala aliangua kicheko. Hata mkewe alicheka, bila sauti, mabega yakitikisika.

"Sasa nisikilize," alisema Mama Kengele. "Chuo chetu kina makubaliano na chama. Mwalimu wa muda akifikisha nusu ya vipindi vya mwalimu wa kudumu, anapata bima ya afya. Akiugua, anapata likizo yenye malipo."

"Mimi sifikishi."

"Kwa Biashara peke yake hufikishi. Kwa Kilimo peke yake hufikishi. Lakini vipindi vya idara zote vinahesabiwa pamoja. Wewe si mwalimu wa takwimu? Jumlisha basi!"

Mwalimu Mbio alijumlisha kichwani. Akajumlisha tena. Akakaa juu ya gogo.

"Mbona hawakuniambia?"

"Kila idara inapeleka taarifa zake. Ofisi ya utumishi haiunganishi mpaka uombe mwenyewe. Utaombaje nawe unajificha?"

"Wakinifukuza je?"

"Hakuna kanuni inayokukataza kufundisha idara mbili. Nimezisoma zote. Ila vyuo havifanani, mwingine chuo chake kina utaratibu tofauti. Ndiyo maana mtu anauliza mapema, kabla hajaumwa."

Asubuhi walikwenda pamoja ofisi ya utumishi. Walibeba mikataba yote miwili na cheti cha daktari. Mama Kengele ndiye aliyesema, na maelezo yake yalisikika mpaka uwanjani. Afisa utumishi akawaita wakuu wa idara zote mbili. Mwalimu Mbio alitamani ardhi ipasuke.

Wakuu wale waliingia, wakatazamana, wakacheka.

"Mwalimu," alisema mkuu wa Kilimo, "sisi tunakula meza moja kila siku. Tulijua zamani. Tulidhani hupendi tuzungumzie mambo yako."

"Pumzika," alisema mkuu wa Biashara. "Vipindi vyako vitashikwa na wenzako. Vitakungoja."

Likizo ilianza siku ile ile. Bima ilipothibitishwa, alikwenda kwa mtaalamu wa koo na kutibiwa. Nyumbani watoto waliongea naye kwa ishara, na seremala aliendelea kushinda kila ubishi. Raha iliyoje! Hata hivyo, siku zilivyopita, nyumba ilimpwaya. Seremala alimkumbuka mke aliyekuwa akimbishia.

Jioni moja alikuwa anajisifu mbele ya kabati jipya.

"Mlango wa kushoto umekwenda upande," ilisema sauti nyuma yake, safi kabisa. "Nimeuona tangu jana, basi tu sikuwa na ruhusa ya kusema."

Seremala aligeuka, akamkumbatia mkewe na vumbi lake lote.

Mwalimu Mbio alirudi chuoni kwa mwendo wa kawaida. Kipindi cha Biashara kilipoisha, alielekea Kilimo, koti lake mwilini. Nyuma ya maktaba alimkuta mwalimu kijana. Alikuwa anafungua tai huku anakimbia, akiisukuma ndani ya begi.

"Wewe mwalimu! Simama hapo hapo!"

Njiwa waliruka juu ya paa. Kijana aliganda.

"Unafundisha idara ngapi?"

"Mo... moja tu, mama."

"Moja ya tai na moja isiyo na tai?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mwalimu Mbio alicheka kwa sauti yake yote, akamshika mkono. Juu yao dirisha la ofisi ya chama lilifunguka.

"Mlete!" aliita Mama Kengele. "Huyo nimekuwa nikimtazama tangu Jumatatu!"