Jinja Anaita Mbale

— Mbale, Jumamosi utavaa shati gani?

Margret aliuliza huku akicheka, hedifoni sikioni, kamba za swichibodi ya simu zimemlalia mapajani. Kaka zake ndio wangempokea mchumba wake stendi ya Jinja na kumpeleka Budondo kwa wazazi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Wala Margret mwenyewe hakuwahi. Miaka miwili ya mapenzi, yote ndani ya waya.

Msicheke. Yeye alikuwa opareta wa simu Jinja, Conrad opareta wa Mbale, na enzi hizo humpati mtu wa mji mwingine mpaka wawili hao wakuunganishie. Kila asubuhi walipima laini kabla wateja hawajaamka. Margret alikohoa kidogo, ndiyo desturi yake, kisha akaita Mbale. Conrad aliitika na kumweleza mlima Wanale umeamkaje, kama umejifunika wingu au maporomoko yanang'aa. Walizungumza Kiswahili, maana binti wa Kisoga na mtoto wa askari aliyelelewa kambini hawakuwa na lugha nyingine ya kupendania. Hata majina yao waliyaweka kando wakaitana kwa miji. Na kila Margret alipotaka kwenda kumwona, Conrad alikuwa na zamu.

Asubuhi hiyo swali la shati halikujibiwa upesi.

— Jinja, iko neno moja. Kabla sijafika kwa mzee wako, lazima wewe ujue.

— Neno gani?

— Mimi...

Laini ikafa.

Margret akachomoa kamba, akaichomeka tena. Kimya. Nyuma yake alisimama injinia, bisibisi mkononi, uso umejaa furaha. Mashine mpya ya dijitali ilikuwa iwashwe wiki ijayo, naye kaona mambo mazuri hayangoji.

— Rudisha kidogo tu, bwana. Nilikuwa naongea na mtu.

— Dada, hiyo imekwisha. Sasa kila mtu anapiga mwenyewe, hakuna kuomba opareta.

— Basi nipigie Mbale.

— Namba gani?

Conrad hakuwa na namba. Siku zote alichomeka kamba tu, Conrad akaitika.

Usiku ulikuwa mrefu. Neno gani mwanamume hulikumbuka anapokaribia kwenda ukweni, kama si mke? Margret alilia, akamtukana, akamwombea, akamtukana tena. Kulipopambazuka akashika basi la Mbale.

Kwenye jengo la simu alimkuta mlinzi, mzee Matia, peke yake. Mzee akamweleza kwamba maopareta wote wamerudishwa nyumbani, mashine haiwahitaji. Conrad anapanga chumba mtaa wa Namakwekwe, nyuma ya mashine ya kusaga mahindi.

— Mzee, huyo ana mke?

— Mke? Hapana. Huyo ni Jinja, Jinja, siku yote.

Margret alienda karibu anakimbia. Akamwona kijana wa watu ameketi kizingitini, shati limepigwa pasi, uso ameuelekeza mlimani. Kando yake ilikuwa fimbo nyeupe. Watoto walipita wakikimbizana mbele yake na macho yake hayakuwafuata.

Akaelewa yote mara moja. Akamfikiria baba yake, akawafikiria kaka zake na maneno ya Budondo. Akafikiria pia kwamba angeweza kuondoka, na Conrad asingejua kama alifika. Aliona haya, lakini miguu ilishaanza kugeuka. Hapo koo likamwasha. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Akakohoa kidogo.

— Jinja?

Margret alitaka kunyamaza akashindwa.

— Ulinidanganya.

— Ndiyo.

— Na Wanale je? Kila asubuhi wingu, kila asubuhi maporomoko.

— Nilikuwa nauliza mzee Matia. Yeye anatazama, mimi nakuambia. Sikuongeza kitu.

— Kwa nini hukusema?

— Kwa laini mimi nilikuwa mtu kama watu. Kama ningesema, wewe ungeniita tena kesho?

Margret hakujua kama angeita, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akaketi kizingitini, akalia kwa uchungu. Conrad naye alilia. Shule ya wasioona ilimfundisha kazi hiyo moja tu, ya masikio, na mashine ya Jinja na ya Mbale sasa zinasikilizana zenyewe.

— Baba atakataa, Margret akasema.

— Najua.

— Na kazi hatuna, wewe na mimi.

— Hiyo pia najua.

Wakakaa. Hapakuwa na la kufanya. Mashine ya mahindi iliunguruma, ikazimika. Mwishowe Conrad akauliza kwa sauti ile ile ya asubuhi:

— Leo Wanale iko namna gani?

Margret akafuta macho, akautazama mlima kwa mara ya kwanza tangu afike.

— Wingu imeshuka mpaka katikati. Maporomoko haionekani.

— Asante, Jinja.

Akautafuta mkono wake, naye Margret akamsogezea.

— Jumamosi vaa shati nyeupe, akamwambia. Kaka zangu hawatakuja stendi. Nitakuja mimi.