Tundu Lililozimwa
Mwalimu alikuwa anapenya kwenye msongamano wa maduka ya vifaa vya umeme, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Fundi mmoja alimpisha, akamsindikiza kwa macho, halafu kwa miguu.

"Dada, mgonjwa anasumbuliwa na nini?"

"Anavuma. Narekodi masomo, na kila neno lina mvumo nyuma yake."

"Sauti yake imejengewa humohumo kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Nitakupachikia kadi ya sauti ya peke yake. Ikiharibika, unaichomoa tu unaweka nyingine."

"Laiti na wanaume wangekuwa hivyo!" Alicheka, lakini hakuwa na utani mwingi. Mchumba wake wa kwanza aliondoka bila kuaga.

Mgonjwa alipona, simu zikaanza.

"Ticha wangu, umeniota?"

"Nitakuotaje, na wewe hunipi nafasi ya kulala?"

Kadiri mwalimu alivyompenda fundi, ndivyo alivyomwogopa: naye angeweza kuondoka bila kuaga.

Siku moja alichomoa waya zote za kompyuta ili afute vumbi, akazirudisha. Akafungua sauti ya marehemu mama yake, rekodi pekee aliyokuwa nayo. Kimya. Akarudia. Kimya kilekile. Akampigia fundi.

"Umeniulia mama mara ya pili!"

"Mpenzi, hebu subiri..."

Akakata, akazima simu. Hasira zilipotulia akampigia tena, hapatikani. Mama hayupo, na huyu naye ndiyo kaondoka.

"Hodi!"

Fundi alikuwa mlangoni, shati limelowa jasho. "Simu imeisha chaji njiani." Hakuketi. Aliinama nyuma ya mashine, akachomoa waya wa spika kwenye tundu la ubao, akauchomeka kwenye kadi. "Uliurudisha kwenye tundu la zamani, na lile nililizima siku ile nilipoweka kadi. Sikukwambia, nisamehe."

"Mwanangu, lakini umekula?" mama akauliza kutoka kwenye rekodi, chumba kizima kikamsikia.

Mwalimu alikaa sakafuni akalia. "Naogopa. Siku ukiondoka, nitabaki na kimya kile."

Fundi hakuapa. Alivuta kibodi, akaliwasha tundu la zamani. "Sasa yote mawili yanafanya kazi. Niwepo nisiwepo, mama utamsikia. Mimi nataka unipende, sitaki uniogope." Akameza mate. "Nimlete nani aje kuzungumza na baba yako kuhusu posa?"

"Mlete shangazi yako," mwalimu alisema, akijifuta machozi. "Na simu uichaji kwanza."