Kabari Saba za Ukuta wa Nyandago

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jedidah alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alichukua ufagio wa vijiti, akapanda kilima kilicho nyuma ya nyumba yao, akafagia njia ya kuingia ohinga. Alitoa majani makavu, kinyesi cha mbuzi na makaka ya konokono. Kisha alikimbia kurudi, akanywa uji wa wimbi, akavaa sweta ya shule huku kengele ya kwanza ikilia.

Ohinga ni boma la mawe. Watu wa kale wa upande huu wa Migori walijenga maboma kama hili bila simiti wala udongo. Walipanga jiwe juu ya jiwe hadi ukuta ukapita kimo cha mtu mzima. Katikati ya mawe makubwa walipachika mawe madogo yaliyochongoka, yanayoitwa kabari, ili yale makubwa yasicheze. Lango la ohinga ya Nyandago ni fupi. Mtu mzima sharti ainame ndipo apite, awe waziri au mchuuzi wa dagaa wa omena.

Watu wa Nyandago waliamua jambo lililowachekesha majirani. Hawakutaka mabasi ya watalii. Walipokea wageni kumi tu kila Jumamosi, nao wageni hao walilipa vizuri, wakalala katika nyumba za kikundi kinachoitunza ohinga na kula chakula cha kijijini. "Afadhali kumi wanaotuheshimu kuliko mia wanaotukanyaga," alipenda kusema Jaduong' Zadock, mwenyekiti wa kikundi. Mzee huyo alikuwa amestaafu kazi ya kupima miwa kule Awendo, na hakuvua tai yake nyekundu hata jua likichoma. Kutokana na wageni hao, shule ilipata tangi la maji na zahanati ikapata muuguzi. Majirani waliocheka sasa walileta watoto wao kutibiwa hapo hapo.

Jedidah alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyewaongoza wageni langoni. Hiyo ni desturi ya Nyandago: mtoto wa mwenyeji hutangulia, mgeni hufuata. Zamani mgeni aliyemwona mtoto akiingia bila woga alijua kwamba ndani hakuna aliyejificha na mkuki. Jedidah aliipenda kazi hiyo kuliko hata kuimba kwaya.

Mambo yaliharibika Januari. Mgeni mmoja, bibi mwenye mvi, aligusa ukuta kwa kiganja akatokwa na machozi. Walipoagana alimpa Jedidah kitambaa chake cha hariri. Msichana aliona aibu. Kwao mgeni haachwi aende mikono mitupu. Hupewa kuku, viazi, au angalau njugu za kutafuna njiani. Lakini mwaka huo njugu zilikauka shambani, na kuku walikwisha kwa ugonjwa.

"Ngoja kidogo, bibi," Jedidah alisema.

Alirudi mbio langoni. Upande wa kushoto, nyuma ya kichaka, ambako Levi, mlinzi wa ohinga, hakuweza kumwona, aliona kabari ndogo nyeusi, laini kama yai. Aliitikisa. Ilikataa. Akaitikisa tena, ikatoka. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, naye Jedidah akajiona mwenyeji kamili.

Wiki zilizofuata alitoa nyingine. Mgeni mmoja alimpa kalamu, mwingine kitabu cha hadithi, na kila mmoja alipewa jiwe. Lile la kwanza lilikuwa gumu kutoka, lakini la saba lilitoka lenyewe alipoligusa tu. Hapo angeshtuka, lakini sifa ni tamu, na mtoto anayesifiwa huziba masikio. Kila tundu alilijaza udongo, akafunika kwa majani ya ukoka, na mtu hakuweza kuona kitu.

Ukuta hauna haraka. Ulisubiri mvua.

Mvua ya masika ilipoanza, Jedidah alisikia kitu alipokuwa akifagia. *Tak.* Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Asubuhi iliyofuata alikuta vumbi jekundu chini ya ukuta, ingawa kila kitu kingine kilikuwa kimelowa. Mijusi waliozoea kuota jua upande wa kushoto wa lango walikuwa wamehamia upande wa kulia, wote. Jedidah alifagia haraka haraka bila kuinua uso.

Aliyeutunza ukuta alikuwa Irine, dada ya baba yake. Jedidah alimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita shangazi. Waya Irine alijifunza kazi ya mawe kwa marehemu baba yake, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya mkulima wa pamba. Kila mwanzo wa mvua alichomeka vigingi viwili, akavuta uzi mbele ya ukuta, akaacha nafasi ya vidole vitatu. Ukuta imara hauusogelei uzi.

Jumatatu vidole vitatu vilipita. Jumanne vilipita viwili. Jumatano kilipita kimoja, tena kidole cha Jedidah, si cha Waya.

"Ukuta unafura tumbo," Waya Irine alisema akiwa amechuchumaa. "Kwa nini upande huu tu?"

Jaduong' Zadock alimtazama Levi. "Ni mbuzi. Wewe huwaacha mbuzi wapande, halafu unalala."

"Jaduong', mimi?" Levi alishika kofia yake. "Mbuzi hawajafika hapa tangu Krismasi. Hata kwato hakuna, si uone mwenyewe!"

"Basi ni nani? Mawe yana miguu? Tutaongea kwa mkutano Jumatatu. Ukishindwa kazi, rudi Awendo ukapakie miwa."

Levi alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Jedidah alijua hilo kwa sababu ndiye aliyempelekea mama mtoto maziwa.

"Tufunge lango," Waya Irine alishauri.

"Tufunge vipi, na Bi Hadiya analeta wageni Jumamosi hii?" Mzee alikaza tai. Bi Hadiya, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Homa Bay, ndiye aliyewapangia wageni safari: siku moja ziwani, siku moja kuwaona swala aina ya korongo mbugani, siku moja Nyandago. "Wamelipa tangu mwezi jana. Tukiwarudisha tutaitwa wahuni. Wewe fundi sema, ukuta utasimama au hautasimama?"

Waya Irine alifikiri sana. "Nikiufungua sasa mvua itaingia ndani, nitaharibu zaidi. Kama kabari zote ziko mahali pake, utasimama hadi Jumatatu. Baba alisema ukuta wenye kabari zake hauui mtu."

Kama kabari zote ziko mahali pake! Jedidah aliyatazama matundu yake saba. Alifungua mdomo. Mzee Zadock alimgeukia na kumwambia, "Na wewe, nyathina, mwanangu, Jumamosi uvae lile gauni la buluu. Wageni wanakusifu hadi Nairobi." Mdomo ukajifunga.

Ijumaa mchana alimfuata Waya shambani akapalilia naye mistari miwili akimtupia macho ya wizi.

"Sema," Waya alimwambia.

"Waya, jiwe dogo kama ngumi... linaweza kushika nini?"

"Linashika lililo juu yake, na lililo juu ya hilo, hadi mbinguni. Kwa nini?"

"Ni swali la shule."

Waya alimtazama kwa muda, akaendelea kulima. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limekusanyika, jeusi, likashuka bila radi. Mvua ilinyesha hadi alfajiri.

Jumamosi asubuhi Jedidah alikuta ukuta umeugusa uzi. Haukuugusa tu, uliusukuma, na uzi ulipinda kama upinde. Kutoka katika matundu saba yalitiririka maji ya udongo, mekundu. Udongo wake ndio huo, ukitoka.

Kabla hajajua la kufanya alisikia gari chini ya kilima. Sauti ya Bi Hadiya ilipanda kwa furaha, "Karibuni, karibuni, tunapanda kwa miguu, hapa gari haliruhusiwi!" Wageni kumi walikuja kwa mstari. Mmoja alibeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kikichungulia juu ya bega lake. Jaduong' Zadock aliwatangulia na tai yake. Waya Irine alikuja nyuma, macho yake yakitafuta uzi.

"Huyu ndiye Jedidah, mtoto wetu," mzee alitangaza. "Tangulia, nyathina."

Jedidah aliinama akaingia langoni hatua moja. Juu ya kichwa chake ukuta ulisema *tak*, kisha *tak, tak*. Changarawe ilimdondokea shingoni. Nyuma yake mgeni mwenye mtoto alikuwa amekwisha kuinama.

Aliogopa ukuta, lakini aliogopa zaidi uso wa Jaduong' Zadock. Angeweza kupita mbio na kumwomba Mungu. Aligeuka, akatandaza mikono yote miwili.

"Msipite! Rudini nyuma! Mimi nilitoa mawe!"

"Yawa! Unasema nini?" mzee alifoka.

"Kabari. Nilitoa saba. Niliwapa wageni, nikaziba kwa udongo. Si mbuzi. Si Levi. Ni mimi! Rudini!"

Waya Irine hakuuliza la pili. Alimshika Jedidah mkono akamvuta nje kwa nguvu hadi gauni likachanika bega, huku akiwasukuma wageni kwa mgongo wake. "Nyuma! Nyuma ya mti! Bi Hadiya, wahesabu!"

"Kumi," Bi Hadiya alisema. "Kumi na mtoto."

Kwa muda hakukutokea kitu. Mzee Zadock alianza kufungua mdomo. Ndipo jiwe moja refu la juu liliinama polepole, kama mtu anayesinzia kanisani, na upande wote wa kushoto wa lango ukamwagika. Ardhi ilitikisika. Vumbi lilipotulia, mahali Jedidah aliposimama palikuwa na jiwe la ukubwa wa ndama.

Mtoto mgongoni alianza kulia. Hakuna mtu mzima aliyemnyamazisha.

Jedidah naye alilia. Alimwendea Levi, aliyekuja mbio kutoka upande wa pili. "Nisamehe, omera, ndugu yangu," alisema. "Nilikusikia ukilaumiwa, nikanyamaza."

Levi alilitazama lile jiwe, akamtazama yeye. "Umeongea," alisema. "Ungechelewa kidogo tu, leo tungekuwa na matanga."

Jaduong' Zadock alivua tai. Hakuna aliyewahi kumwona shingo wazi. "Mlinzi," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuhukumu bila kuona kwato. Nisamehe. Na mimi ndiye nilikataa lango lifungwe. Mtoto alikosa, lakini mimi ni mzee."

Wageni hawakuondoka. Waya Irine aliwaketisha mbali, akawaonyesha jinsi mawe yanavyochaguliwa na kupangwa upya, nao wakasema hawajawahi kuona darasa kama hilo. Bi Hadiya aliwaandikia barua wale wageni saba waliopewa kabari, akiwaomba wazirudishe. Adhabu ya Jedidah ilikuwa kumsaidia Waya kila siku baada ya shule, mvua na jua, hadi lango lisimame. Ilichukua miezi mitatu. Kucha zake zilikatika, na kitambaa cha hariri alikitumia kufungia kidole.

Kabari zilirudi moja moja kupitia duka la baba yake Bi Hadiya kule Homa Bay, zimefungwa kwa magazeti. Zilirudi nne. Ya bibi mwenye mvi ilikuja na karatasi: "Mezani kwangu lilikuwa jiwe tu. Nilikuwa nimelia kwa ajili ya ukuta."

Siku ya kupachika ile ya mwisho, Waya Irine alimpa Jedidah nyundo.

"Sikiliza, nyathina," alisema. "Kumpa mgeni zawadi si kosa. Lakini mpe kilicho chako: njugu ulizopanda, wimbo, ukweli. Huu ukuta si wako wala wangu. Tumeukuta na tutauacha. Mgeni husafiri mbali kuona kitu asichoweza kubeba. Siku kitakapobebeka, hatakuwa na sababu ya kuja, na zahanati yetu itafungwa. Na kosa ni kama tundu la kabari. Ukilisema likiwa moja, linazibwa kwa jiwe. Ukilipaka udongo, linaita wenzake."

"Ndiyo, Waya."

"Sasa gonga. Polepole."

Siku hizi mgeni akiaga Nyandago hupewa pakiti ya njugu kutoka shamba la shule. Kabla ya hapo, Jedidah humsimamisha kushoto mwa lango na kumwonyesha mawe matatu mekundu katikati ya meusi, pale ambapo kabari tatu hazikurudi.

"Hapa ni mimi," humwambia. Kisha huinama, akatangulia.