Soksi za Magoti Zilizombana Maryuri

Kila siku baada ya masomo, Maryuri Mosquera alipita nyumbani, akala wali na ndizi za kukaanga alizoachiwa na mama yake, akabadili sare, kisha akakimbilia ukumbi wa kunyanyua vyuma. Saa hizo mama alikuwa bado kazini, akipanga ndizi kwenye makasha katika shamba moja nje ya mji wa Apartadó. Ukumbi ulikuwa na paa la bati lisilo na dari, na joto la mchana humo ndani lilikuwa kama la tanuri. Hata hivyo, Maryuri alipapenda kuliko mahali pengine popote.

Lakini juma lile hakukimbia. Alitembea polepole, na kila alipokanyaga ngazi aliuma meno. Goti lake la kushoto lilikuwa linamuuma chini kidogo ya pia ya goti. Hakumwambia mtu; hata mama alipomwona akichechemea, alimwambia amejikwaa tu. Kocha Nubia alikuwa anatafuta msichana mmoja wa uzani wa Maryuri wa kumpeleka kwenye mashindano ya jiji la Medellín, na waliokuwa wakigombea nafasi hiyo ni wawili tu: yeye na Keidy Rentería.

Siku hiyo aliwakuta wenzake wamelizunguka sanduku kubwa. Mwenye duka mmoja wa pale mjini alikuwa amewaletea zawadi ya soksi za magoti, zile za mpira mzito zisizo na wayo, ambazo mnyanyuaji huzivuta hadi gotini kabla ya kuchuchumaa na chuma mabegani.

"Msizigombanie kama kuku!" Kocha Nubia alisema huku akishika utepe wa kupimia. "Kwanza mtu apime. Simama, kunja goti kidogo, zungusha utepe katikati ya pia. Soksi inatakiwa ikushike na ikupe joto, basi. Ukiona vidole vinapoa au vinafanya ganzi, hiyo si yako. Nyembamba ni za mazoezi mepesi ya haraka, nene ni za kuchuchumaa na mizigo mizito. Na nisikilizeni vizuri: hakuna soksi inayotibu goti bovu."

Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea. Keidy akachukua utepe na kuuzungusha kwenye goti la Maryuri.

"Mama yangu!" akacheka. "Goti hili la msichana au la ng'ombe? Wewe chukua saizi kubwa, shoga."

Wote wakaangua kicheko. Maryuri alijua kwa nini goti limekuwa kubwa. Lilikuwa limevimba. Aliuvuta utepe kutoka mikononi mwa Keidy.

"Umepima vibaya. Mimi navaa ndogo," alisema. "Yirlesa naye anavaa ndogo, na ndiye bingwa wetu. Si mmeona soksi zake zinavyovutwa na watu wawili ndipo zipande?"

"Yirlesa ni mtu mzima, na magoti yake ni mazima," Keidy alijibu.

Maryuri alichukua soksi nene za saizi ndogo, akaenda kukaa pembeni na kuanza kuzivuta. Zilimkataa. Alijipaka magotini unga mweupe ambao wanyanyuaji hutumia mikononi, akavuta tena mpaka jasho likamtiririka machoni. Hatimaye ziliingia. Maumivu yakapungua mara moja, naye akashusha pumzi. Aliona ameshamaliza tatizo lake.

Kocha aliporudi, akatangaza kwamba jaribio la kuchagua lingefanyika wakati huohuo. Keidy alichuchumaa na kuinuka vizuri. Zamu ya Maryuri ilipokaribia, alivua kandambili ili avae viatu vya kunyanyulia. Keidy, ambaye alipangwa kusimama na Yirlesa kwenye ncha za chuma kumlinda, akainama ghafla.

"We Maryuri, vidole vyako! Vimekuwa vya zambarau!"

"Shusha sauti."

"Unavisikia?"

Maryuri alijaribu kuvichezesha vidole vya mguu wa kushoto. Havikusogea. Hata hivyo, akaingiza mguu kwenye kiatu na kufunga kamba.

"Ukisema neno, nitajua unataka kuniibia nafasi," alinong'ona.

Keidy akaenda kusimama kwenye ncha ya chuma. Ndiyo, aliitaka nafasi ile. Na asiposema kitu, huenda angeipata bila jasho.

Maryuri akaingia chini ya chuma, akakiweka mabegani na kurudi nyuma hatua fupi. Alivuta pumzi akashuka. Kule chini akausukuma mguu wa kulia, ukaitika. Akausukuma wa kushoto, na ilikuwa kama kusukuma gogo. Hakujua kisigino kilipo. Chuma kikaanza kulala upande.

"Kocha, mguu wake umekufa ganzi!" Keidy alipiga kelele. Alikuwa amekwisha kuikumbatia ncha ya chuma kwa mikono yote miwili. Yirlesa akadaka ncha ya pili. Kwa pamoja wakakiinua, na Maryuri akaangukia makalio huku akihema.

Kocha Nubia alifika mbio. Alijaribu kuishusha soksi ya kushoto, ikagoma.

"Mkasi!"

"Usiikate, Kocha, ni mpya!"

"Mguu nao nitaununua wapi?"

Soksi ikakatwa kutoka juu hadi chini. Goti lilionekana limevimba, na mikunjo ya soksi imejichora kwenye ngozi. Damu iliporudi vidoleni, Maryuri alichomwa kama kwa sindano nyingi, akalia.

"Limeanza lini?" Kocha aliuliza taratibu.

"Leo."

"Maryuri."

"Tangu wiki iliyopita, Kocha. Niliogopa utaniacha."

Jioni ile mama yake alimpeleka zahanati bado akiwa na aproni ya kazini. Daktari aliwaeleza kwamba mifupa ya Maryuri ilikuwa inakua haraka, na mzigo mzito ulikuwa unaivuta sehemu iliyo chini ya pia. Akipumzika, angepona. Angeendelea kuficha, angejiumiza vibaya. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu njiani, "Mimi mama yako nikuone unachechemea, uniambie umejikwaa? Usinifanyie hivyo tena, mwanangu."

Keidy ndiye aliyekwenda Medellín. Kabla hajaondoka, Maryuri alimfuata nyumbani kwao.

"Nilikuambia maneno mabaya, na wewe ukaniokoa. Nisamehe."

"Na mimi nilikuita ng'ombe," Keidy alisema. "Tena nilinyamaza muda mrefu mno. Nilitamani ushindwe, Maryuri. Nilipoona chuma kinalala, niliogopa sana."

Wakacheka kidogo, kisha wakakumbatiana.

Daktari alipomruhusu kurudi, Maryuri alianza na chuma kitupu. Safari hii Kocha alimpima mwenyewe. Soksi za saizi ya kati zilipanda bila kupigana, zikalishika goti, na vidole vikabaki na joto. Aliongeza uzito kidogo kidogo, na majaribio ya mashindano yaliyofuata yalipowadia, alikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye mstari. Alichuchumaa vizuri mara ya kwanza. Kabla ya mara ya pili, akainua mkono.

"Kocha, goti limenishtua kidogo. Sijui kama ni kitu, lakini nimeona nikuambie."

Kocha Nubia alilikagua, akalibonyeza, akamtaka atembee. Halikuwa na uvimbe. Hata hivyo, alipunguza uzito, na Maryuri akaunyanyua kwa utulivu, kisha akasimama wima huku wenzake wakimpigia makofi.

"Jina lako limo," Kocha alimwambia, halafu akawageukia wote. "Sikilizeni, wanangu. Nguvu za huyu zilikuwepo tangu mwanzo, ila sikuweza kumwamini. Chagueni kifaa kwa kipimo cha mwili wenu wenyewe, msiangalie bingwa anavaa nini wala mwenzenu anacheka nini. Na mwili ukiuma, semeni. Anayeniambia ukweli naweza kumsaidia apone na anyanyue tena. Anayenificha, mimi nitakuwa namwongezea mzigo tu, bila kujua kwamba namvunja."