Kipima Gesi cha Mama

Kila asubuhi, kabla sisi watoto hatujanawa uso, Mama alikuwa amekwisha kuvaa mabuti yake ya mpira. Alikuwa fundi wa mabomba ya majitaka. Mtaa mzima ulimwita Mama Chemba, kwa yale mashimo ya majitaka aliyoshukia, naye aliitika bila kinyongo. Jioni alijisugua kwa sabuni ya mche mpaka harufu yake ikajaa nyumba nzima. Leo mimi ni mtu mzima, lakini nikiinusa sabuni ile dukani natamani kurudi utotoni hata kwa siku moja.

Tulipenda kumuuliza huko chini kuna nini. Alituambia kwamba ukuta wa bomba umefunikwa na ute mweusi, na ndani ya ute huo wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni. Wa juu hupata hewa kidogo. Wa chini kabisa hawapati, ila hawafi. Hula uchafu na kutoa gesi inayonuka kama yai viza.

"Ikiwa kidogo utaisikia," alisema. "Ikizidi, pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka. Hapo ndipo inapoua."

Kwa hiyo Mama hakuiamini pua yake. Aliamini kipima gesi, kidude cha manjano kilicholia pii-pii palipo na hatari. Hakushuka kwenye chemba yoyote kabla ya kukitanguliza kwa kamba.

Ijumaa moja jioni, Mama akiwa jikoni, nilikichukua nimringishie mdogo wangu. Nilifunua chemba ndogo ya nyuma ya nyumba, nikakishusha kama alivyofanya yeye. Kikalia, nasi tukacheka mbavu hatuna. Kisha fundo likafunguka, kikatumbukia majini. Nilikiopoa kwa mti wa ufagio, nikakifuta kwa sketi. Kiliwaka, lakini juu ya shimo lile lile sasa kilionyesha sifuri, kimya. Nilikirudisha mkobani mwa Mama, nikamwonya mdogo wangu afunge mdomo.

Asubuhi Mama aliondoka nacho. Nilikuwa nikiosha vyombo ndipo akili iliponifunguka. Kipima gesi kingeonyesha sifuri, pua isingesikia kitu, na Mama angeshuka. Niliacha sufuria na povu lake, nikatimua mbio hadi nyuma ya soko, alikosema wangefanya kazi siku hiyo.

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi ya chemba. Mwenzake, mzee mpole waliyemwita Taratibu, alikuwa ameshika kamba ya usalama aliyofungwa Mama kiunoni.

"Mama, usishuke," nilisema nikihema. "Kipima gesi kimeharibika. Nilikitumbukiza majini jana."

Alinitazama, akapandisha mguu polepole. Taratibu alileta kipima gesi cha akiba kutoka kwenye gari, akakishusha. Kamba haikufika hata nusu, kikalia mfululizo mpaka wauza nyanya wakageuka. Mama akakaa chini, pale pale vumbini. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo, nami nikaangua kilio.

Nilingoja kofi, halikuja. Taratibu alifunika chemba, akasema kazi ya leo imekwisha. Mama akanivuta karibu yake.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Nilipaswa kukijaribu kabla sijakitumia. Lakini sikia, mwanangu. Kuharibu kitu ni bahati mbaya, kingetengenezwa. Ila wewe ulijua tangu jana kwamba hakifanyi kazi, ukaniacha niondoke nacho. Ukikosea, sema siku ile ile, hata kama unaniogopa. Afadhali nikugombeze nikiwa hai."

Kisha akasimama, akajipangusa vumbi, akanigombeza kweli, njia nzima mpaka nyumbani. Nililia njia nzima pia, huku nikiomba asinyamaze.