Mke wa Muhsin na Mke wa Shaibu

"Kasa, Kasa. Huyu ni Mnara. Unanipata?"

Arafa binti Shamte aliuinamia mkoba wake wa ukili kama mtu anayetafuta tambuu. Chini ya khanga iliyokunjwa, chini ya kitana na kopo la poda, ilikaa redio ya Pye, nzito kama tofali.

"Nakupata. Sema upesi, niko njia ya Miburani na watu wanapita."

"Wavu una samaki wawili. Mmoja ni wa bati. Mtenge kabla wavu haujapandishwa."

"Unapandishwa lini?"

"Leo hii, baada ya saa nne, ukitoa neno. Umekwisha mjua?"

Arafa alitupa jicho nyuma. Mwanamume mwenye baiskeli alikuwa amechutama kando ya njia, anarudisha mnyororo uliotoka. Jana pia alikuwa akiurudisha mnyororo huo huo.

"Bado."

"Kasa! Si wewe ndiye mwalimu wao?"

"Ndiyo maana nasema bado. Kuna mtu nyuma yangu. Nakata."

Akafunga mkoba. Akapanda Raleigh yake, akakusanya buibui mapajani, akakanyaga pedali. Mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli! Watu wa Miburani walikuwa hawajamaliza kulizungumza jambo hilo.

Yule mtu naye akapanda.

Arafa akaongeza mwendo. Naye akaongeza. Njia ikaingia katikati ya minazi, ikakata kona penye vifuu vilivyorundikwa. Arafa akashuka ghafla, akailaza baiskeli njiani, akasimama kando.

Kishindo!

Mtu kule, kofia kule, gurudumu la mbele linazunguka peke yake.

Alipoinua uso, mdomo umejaa mchanga, akakuta bastola ya Webley inamtazama.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Jina simjui, haki ya Mungu. Mwanamke. Kajifunika uso. Kaniambia niangalie kama yule mwalimu wa maswali huzungumza na mkoba wake."

"Na umeona nini?"

"Sijaona kitu, mama. Mimi sina macho kabisa."

Arafa alimfunga kwenye mnazi kwa khanga yake mwenyewe, mpya, ya doti nzuri, na hilo lilimuuma. Akamwekea kofia yake kichwani jua lisimpige. Kisha akaendelea na safari.

Mwanamke. Basi wamekwisha mshuku. Na ni mmoja wa wale wawili.

Mwaka ulikuwa 1958. Genge moja lilikuwa likivusha bunduki kutoka upande wa Mreno, Msumbiji, na kuzificha katika kambi ya wavuvi kisiwani Shungimbili. Boti ya polisi ilikuwa imejibanza nyuma ya fungu la mchanga, inangoja. Ingeweza kuwakamata wavuvi bandia wakati wowote. Lakini kichwa cha genge kilikuwa hapa Mafia, nacho kilikuwa na shabaha yake: kupata karatasi za Mwingereza, kivuke bandari zote bila kupekuliwa.

Sheria ilikuwa na mlango. Mwanamke wa nje aliyeolewa na raia angeweza kuandikishwa uraia wa mumewe, akihojiwa na kuonekana kuwa ni mke kweli.

Asubuhi ile wake wawili walikuwa wahojiwe bomani Kilindoni. Wote walitoka Msumbiji. Wote waume zao walizaliwa Nairobi, ndani ya koloni, na walikuwa raia wasio na shaka.

Mmoja alikuwa mke. Mwingine ndiye mwenye bunduki.

Bwana Kolman, ofisa wa serikali, ndiye peke yake kisiwani aliyejua kazi ya Arafa. Alikuwa amemwambia waziwazi, "Nipatie mwongo. Usiponipatia, nitahukumu kwa majibu. Atakayebabaika, anapanda meli kurudi kwao."

Hapo ndipo Arafa alipojigeuza mwalimu. Alipita nyumba hadi nyumba, ati anafundisha wanawake namna ya kujibu serikali. Wote wawili walimpokea.

Zubeda, mke wa Shaibu, alikaa nyumba ya bati karibu na soko. Mrefu, mtulivu, wanja umekaa mahali pake.

"Mumeo anakunywa chai na nini?"

"Chai ya maziwa, na chapati mbili za maji."

Kesho yake Arafa akauliza tena. Chai ya maziwa, na chapati mbili za maji. Mtondogoo, chapati zile zile.

Mwanasiti, mke wa Muhsin, alikaa Miburani katika nyumba ya makuti, na mtoto wa kiume wa kunyonya aitwaye Nasri hamtoki mgongoni.

"Mumeo anakunywa chai na nini?"

"Na makelele," akasema Mwanasiti.

"Mwanangu, hebu jibu sawasawa."

"Jana kanywa na muhogo. Leo hakunywa, kanuna, mama yake kamwambia nimemwaga tui. Kesho mimi nijue wapi, Bi Arafa?"

"Analala upande gani wa kitanda?"

"Astaghfirullahi! Serikali inataka kujua hilo?"

"Inataka."

"Kwani yenyewe italala wapi?"

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Halafu Mwanasiti akaacha kucheka ghafla, akamkumbatia Nasri.

"Na wakinikataa, Bi Arafa?"

Nasri alizaliwa Mafia na baba raia. Hakuna ambaye angemgusa. Mtoto alikuwa na serikali yake. Mama yake alikuwa na meli.

Swali moja lilikuwa donda.

"Jina la mumeo?"

Mwanasiti aliinama. Akafunika mdomo kwa upindo wa khanga. "Baba Nasri."

"Hilo si jina, mwanangu. Ofisa atataka jina."

"Nawezaje kulitamka, Bi Arafa? Mama yangu kafa hajalitaja la baba yangu. Alipotaka kumwita alikuwa akigonga chungu kwa mwiko."

"Ni mara moja tu. Mbele ya ofisa. Jaribu. Muh..."

"Muh..." alisema Mwanasiti, akatokwa na jasho.

Arafa alimjaribisha hata midomo ikamkauka. Mwishowe aliapa kwamba ataweza.

Zubeda naye aliulizwa swali hilo. Akateremsha macho. "Kwetu hatutaji," akasema kwa sauti laini. "Ila serikali ikitaka, nitamnong'oneza mkalimani, naye ataje." Hata Arafa aliona haya kwa niaba yake. Kama ulikuwa uongo, basi aliyeutunga alikijua kisiwa vyumba vyote.

*

Saa nne.

Bomani joto lilikuwa limekwisha kukaa. Pangaboi halikuzunguka. Bwana Kolman alijifuta shingo kwa leso. Arafa alikaa pembeni ya meza, safari hii akiwa mkalimani, vidole vyake vinacheza na ukingo wa mkoba.

Zubeda aliingia kwanza.

Aliolewa wapi? Nani alikuwa shahidi? Mkwe wake ana maradhi gani? Majibu yalitoka yamepigwa pasi. Ilipofika jina la mume, aliinuka, akamsogelea Arafa, akamnong'oneza sikioni: "Shaibu." Pumzi yake ilinukia karafuu. Akarudi kukaa, macho chini.

Kolman akatabasamu.

Akaingia Mwanasiti, na Nasri mgongoni.

"Jina la mumeo?"

Mwanasiti akafunika mdomo kwa upindo wa khanga.

"Mwambie asiogope," alisema Kolman.

Arafa alimwambia. Mwanasiti akafungua mdomo. Akaufunga. Machozi yakaanza kudondoka kwenye khanga, moja moja.

"Mnong'oneze Bi Mkalimani, basi."

Akatikisa kichwa.

"Mumeo anakunywa chai na nini?"

Mwanasiti alimtazama Arafa kama mtu anayezama. "Inategemea," akasema.

Kolman aliweka kalamu. Walipobaki wawili chumbani, akasema Kiswahili chake cha bomani, "Kazi imekwisha. Huyu hajui hata jina la mume wake. Meli iko mchana. Yeye atapanda."

"Bwana, nipe nafasi kidogo."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Una nini?"

"Nina wasiwasi."

"Wasiwasi hauandikwi, Bi Arafa. Nusu saa tu."

Arafa akatoka barazani.

Wanawake wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, mmoja akilia bila sauti, mwingine akijipepea. Chini, mteremko ulishuka mpaka kwenye bohari ya mbata, zile nazi kavu. Waume walikuwa pale kivulini, wamechuchumaa wameligeuzia boma mgongo. Muhsin, mfupi, mabega mapana. Shaibu, kanzu nyeupe, saa mkononi. Walikuwa wakizungumza bei ya nazi.

Arafa alitembea huku. Akatembea kule. Kaa, hakai. Simama, hasimami.

Mtu anaweza kufundishwa chapati. Anaweza kufundishwa haya, macho chini, kunong'ona. Vyote hivyo mtu huvifanya akijua anatazamwa.

Na asipojua?

Land Rover ya serikali ilikuwa imeegeshwa juu ya mteremko, pua yake inatazama bohari. Dereva alikuwa jikoni, anakunywa chai.

Arafa alishuka ngazi taratibu, kama mama anayenyoosha miguu. Alipita ubavuni mwa gari. Mkono ukaingia dirishani. Akageuza usukani kidogo, kiasi cha gari kuwapita wale wanaume na kuishia kwenye magunia ya mbata. Akapima kwa jicho. Akapima tena. Hapo hapana mchezo.

Akaachia breki.

Akarudi ngazini.

Gari likatikisika. Likaanza kujongea, pole, halafu si pole.

"Yallah!" Arafa akapiga ukelele. "Gari! Gari linawafuata!"

Wanawake wote wawili waliruka kutoka kwenye benchi.

"Baba Nasri!" alilia Mwanasiti, sauti imepasuka. "Baba Nasri! Baba Nasri weee!"

"Shaibu!" alifoka Zubeda. "Shaibu, ruka! Kushoto, mpumbavu wewe!"

Wanaume wakaruka. Land Rover ikapita kando yao, ikajikita kwenye magunia kwa kishindo kizito. Mbata zikamwagika. Vumbi likapanda.

Hakuna aliyeumia.

Kolman alitoka mbio, leso shingoni. "Nani kaachia gari langu?"

"Mimi, Bwana," alisema Arafa. Macho yake yalikuwa kwa Zubeda. "Bibie, huyu mwanamume umefanya naye kazi miaka mingapi?"

"Kazi gani? Ni mume wangu!"

"Mume haitwi hivyo. Hata nyumba ikiungua. Mwenzio mumewe alikuwa anakwenda kufa mbele ya macho yake, na jina halikutoka. Lako limetoka lenyewe, na amri juu yake. Hivyo mtu humwita baharia wake."

"Amemwita jina," alisema Kolman. "Basi nini?"

Zubeda hakuwa na swali hilo. Yeye alikuwa ameelewa. Uso wake ulibadilika kama taa iliyozimwa, haya yote ikatoka, ukabaki uso mwingine kabisa, mkavu.

Mkono ukaingia ndani ya buibui.

Beretta. Ndogo, nyeusi.

"Rudi nyuma, bibi kizee. Na wewe Mzungu." Akamkamata Mwanasiti mkono, akamvutia kwake. "Huyu na mwanawe wananisindikiza mpaka ufukweni."

Nasri akaanza kulia.

"Sawa, mwanangu, hasira za nini?" alisema Arafa. Akatoa mkobani mrashi wa fedha, ule wa kunyunyizia wageni harusini. "Hebu jipoze kwanza."

Akautikisa mara moja.

Ndani hamkuwa na marashi. Mlikuwa na maji ya pilipili mbuzi.

Zubeda alipiga yowe, mikono machoni. Risasi ikatoka, ikatoboa bati la baraza. Arafa alikwisha mwingia kifuani. Kiwiko, kifundo cha mkono, goti. Buibui la Arafa likapasuka. Beretta ikaanguka sakafuni, na Arafa akaikanyaga.

Chini, Shaibu alikuwa anakimbilia mtumbwi wake wenye mashine ya Seagull. Hakufika. Muhsin, ambaye hakuelewa lolote isipokuwa kwamba mkewe ametekwa barazani na huyu anakimbia, alimtia ngwara akamkalia.

"Ulikuwa unaniuliza bei ya nazi!" alisema Muhsin, anahema. "Mtu mzima huoni haya?"

Arafa aliinamia mkoba.

"Mnara, huyu Kasa. Samaki wa bati yuko juu. Pandisha wavu."

"Nimekupata, Kasa! Tunaingia Shungimbili sasa hivi!"

Sauti ya injini ikajaa redioni, kisha makelele, kisha mlio mmoja wa bunduki. Arafa alingoja, kucha zimemzama kiganjani. Redio ikakoroma.

"Tumewapata wote. Bunduki zilikuwa chini ya samaki wa ng'onda."

Arafa akafunga mkoba.

Askari waliwachukua wafungwa. Mwingine akatumwa kumfungua yule wa mnazini, na kuirudisha khanga. Kolman alirudi mezani, akaichukua kalamu, akaizungusha.

"Mwite Mwanasiti."

Akaja. Nasri alikuwa hajanyamaza, bado anashtuka. Mwanasiti akatazama huku na huku, kisha akakaa kwenye kiti cha serikali, akajifunika, akampa ziwa. Bwana Kolman akainua macho akalitazama pangaboi lisilozunguka, na hakuyashusha.

"Sheria bado inataka jina," aliliambia pangaboi.

"Mwenye jina yuko mlangoni, Bwana," alisema Arafa.

Muhsin akajitaja, vumbi mpaka kwenye kope. Kolman akaandika bila kutazama vizuri. Kikabaki kiapo cha utii. Mwanasiti alikisema chote, neno kwa neno, bila kubabaika hata mahali pamoja, mtoto ananyonya na kidole gumba cha mguu kinacheza.

Muhuri ukagonga meza.

Mwanasiti aliruka pale alipokaa. "Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo kwamba meli inaondoka bila wewe," alisema Arafa.

Mwanasiti hakupiga vigelegele. Alimgeukia Muhsin, akampangusa vumbi usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Unakaa mbele ya gari, una akili kweli wewe?" akasema, na hapo kilio chote kikamtoka.

Arafa alikwisha kutoka.

Alipita karibu na Land Rover, akaligonga bodi kwa kidole kama mtu anayemuaga punda, akaichukua Raleigh yake ukutani.

Mkoba ukakoroma. "Kasa, umeumia?"

"Buibui limepasuka."

"Serikali itakununulia jingine. Lindi kuna jambo, wanakutaka kesho."

"Lindi wangoje," alisema Arafa. "Bibie wa Miburani kaniambia leo anapika kwa tui, na mkwewe hayupo."

Akazima redio, akapanda, akaenda zake.