Usukani wa Landrova ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo Onesmo alipokaza nati ya mwisho ya usukani wa Landrova yake, akajifuta mikono kwa tambara, akaondoka Mwanga, Kigoma mjini, kwenda Katonga kumchukua mkewe.

Yusta alikuwa muuza dagaa huko mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapofikia. Siku zote hurudi kwa bodaboda, ila sasa mimba ilikuwa na miezi minane, na mbili za kabla yake zote ziliharibika. Hii ya tatu Onesmo aliilinda kama yai. Walikuwa wamekatazana hata kuiwazia jina, wasije wakaiitia husuda.

Landrova yenyewe, ukiniuliza mimi, ilikuwa baraza la wazee. Bodi ililetwa Kigoma na wapima ardhi kabla Onesmo hajazaliwa, wakaiacha kwa mapadri, mapadri wakamwachia mfanyabiashara wa mawese. Giaboksi ilitoka Kasulu, ekseli ilitoka Uvinza. Mafundi wa Mwanga husema Landrova haifi, inahama. Bodi ni aluminiamu, kutu inaitazama tu. Ikikosa kiungo, unakwenda kuking'oa kwa mwenzake aliyelala.

Na hapo ndipo penye mwiko.

Asubuhi ile Mzee Hamdani wa Ujiji, aliyemfundisha ufundi, alimpa usukani uliong'olewa kwenye Landrova iliyotumbukia korongoni.

"Dereva alifia hapohapo, ameukumbatia," mzee alimwambia. "Aliitwa Leodgar. Kabla hujawasha gari ushike, umwite, umwambie safari imekwisha, ashuke. Kwa jina, mwanangu! Ukisema 'shuka' hivihivi, kila mwenye roho humo ndani atadhani anaambiwa yeye. Na aliyeshuka kwa makosa hapandi mpaka aitwe kwa jina lake."

"Nimekusikia, Mzee."

Hakusikia kitu. Alikuwa anakagua kama usukani utaingia kwenye gari lake. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliuosha kwa petroli, akaufunga, akawasha.

Yusta alipanda akicheka, ndoo yake ya dagaa mapajani.

"Leo na mimi mke wa bosi!"

Walianza kupanda kilima. Giza lilikuwa linaingia, ziwa likibaki chini yao upande wa kushoto. Onesmo akahisi usukani una joto. Si joto la jua. Joto la mahali palipotoka kushikwa.

Kisha ikaja harufu ya tumbaku.

"Umeanza kuvuta sigara?" Yusta alinong'ona.

"Mimi? Hapana..."

Pedali ya klachi ikashuka yenyewe.

Onesmo aliutoa mguu wake kabisa. Pedali ikabaki chini, imekandamizwa. Mti wa gia ukatetemeka, ukaingia namba mbili. Polepole, kwa adabu, kama anavyofanya dereva mzoefu kwenye mwinuko. Halafu usukani ukaanza kuvuta kushoto.

Kushoto kulikuwa na bonde, na chini ya bonde maji.

Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likasimama tairi moja ikiwa ukingoni, injini ikazima. Kimya. Mawe madogo yakasikika yakiporomoka gizani...

Usukani uliendelea kuzunguka. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Gari limesimama, na mtu bado yuko barabarani.

Hapo ndipo Onesmo alipoukumbuka mwiko, akashikwa na hofu ambayo hajawahi kuijua. Jina! Mzee alisema nani? Leonsi? Leonidi? Alilitafuta asilione. Gari likaguna, likasogea tena kuelekea bonde.

"Onesmo!" Yusta alipiga ukelele.

"Wote mliomo humu!" akalia. "Safari imekwisha! Shukeni!"

Usukani ukatulia. Siti ikalia, kama inavyolia mtu mzito anaponyanyuka. Harufu ya tumbaku ikapotea.

Onesmo akashusha pumzi. "Ameshuka," akasema, akageuka kwa mkewe.

Macho ya Yusta yalikuwa wazi, hayamwoni. Mkono wake baridi kama samaki wa barafu.

Kila mwenye roho.

"Yusta! Panda! Yusta mke wangu, panda, nakusihi!"

Yusta alishtuka, akavuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Onesmo alimkumbatia akilia bila aibu. Lakini mkewe alimsukuma kidogo, akaweka viganja vyote viwili tumboni. Akasubiri.

"Baba... mtoto ametulia," alisema. "Alikuwa anacheza kutwa nzima. Ametulia sana."

Aliyeshuka kwa makosa hapandi mpaka aitwe kwa jina lake. Na huyu hakuwa na jina. Walimnyima wao wenyewe, kwa kumpenda.

Onesmo aliweka mdomo karibu na tumbo, akatafuta jina, jina lolote, la babu, la mtakatifu, la jirani. Kichwa kilikuwa kikavu. Ndipo jina moja likamjia lenyewe, wazi kabisa, kana kwamba limenong'onwa sikioni kutoka upande wa dirisha.

"Leodgar!" akaita. "Panda!"

Mtoto akapiga teke.

Yusta alicheka na kulia kwa pamoja. Onesmo naye alicheka. Kisha akakumbuka ni wapi alilisikia jina lile.

Siku alipomweleza Mzee Hamdani, mzee aliweka kikombe chake chini.

"Wawili walikuwa wameshuka, hawajaitwa," alisema. "Wewe ukaita jina la mmoja. Sasa ni nani aliyepanda?"



Mtoto alizaliwa salama, akabaki na jina lilelile, ana afya, sura ya mama yake. Landrova waliiuza, ila Mwanga hazikosekani. Ikipita moja inapanda mwinuko, mtoto huacha kunyonya, akasikiliza. Mguu wake wa kushoto hukandamiza paja la mama yake, ukatulia hapo, ukaachia taratibu. Na kila mara, akishaachia, ndipo gari huko nje linabadili gia.

Yusta huona ni mchezo. Kinachomkera ni kimoja tu.

"Kila siku 'mwanangu, mwanangu'," humwambia mumewe. "Kwa nini humwiti jina lake?"

Onesmo humbeba mtoto, humbusu utosini, maana anampenda kuliko roho yake. Nywele zake zinanukia maziwa. Jioni nyingine zinanukia tumbaku.

"Nitamwita," hujibu.